Mawe ya Sponji

Kila Pasaka, mchezo ulipokwisha jukwaani, wanawake wa parokia walipanga mstari kugusa pindo la kanzu ya Leokadia, aliyeigiza mtakatifu aliyeuawa kwa kupigwa mawe. Sasa mchezo ulikuwa unageuzwa filamu, na wanawake wale wale ndio waliochaguliwa kuwa umati wa wauaji. Mawe yalikuwa sponji iliyopakwa rangi ya kijivu.

Mwanzoni hawakuweza. Waliyaweka miguuni pake kama wanaotoa sadaka.

"Mama zangu," mwongozaji aliwabembeleza, "leo huyu si mtakatifu. Ni mchawi aliyewaulia watoto. Mtupieni kwa hasira."

Wakatupa. Wakaendelea kutupa hata baada ya mwongozaji kusema, "Kata."

Leokadia alibaki amepiga magoti, sikio likivuma. Aliokota jiwe lililoangukia mapajani pake. Lilikuwa zito, na lilikuwa na damu.

"Nani katupa hili?" aliuliza taratibu.

Mama Skolastika, mama yake wa ubatizo, alikuwa akijipangusa udongo viganjani. Alimsogelea Leokadia, akainama, akanyoosha mkono ule ule kugusa pindo la kanzu.