Pumzi ya Tatu

Katika mji huo, pangaboi huzungushwa na pumzi za waliomo chumbani, na mzee aliyepita miaka sabini haruhusiwi kuishi humo. La Mwanakheri lilikuwa limeganda vumbi, halikusikia pumzi hafifu. Ndivyo alivyoweza kumficha mama yake kabatini.

Lakini leo, aliposikia mkaguzi anakuja, alijiandaa kama anavyoandaliwa mgeni yeyote: akafagia, akapiga deki, akayafuta na mapanga ya pangaboi kwa foronya mbichi.

"Naishi peke yangu, dada," alisema, akimkaribisha ndani.

Mkaguzi akatazama juu, akatabasamu. "Hongera, umelitunza. Hebu sasa tubane pumzi, mimi na wewe."

Wakabana.

Juu yao pangaboi likaendelea kuzunguka, taratibu, kama anavyopumua mzee.