Kesi ya Sista Mwiko

Kijitabu cha katuni za Sista Mwiko kilikuwa kimekaa juu ya Biblia mpaka Mchungaji Yonasi alipokiona, akakisogeza pembeni haraka.

Kilikutwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha Tabita, mwimbaji tegemeo wa kwaya ya Ihanda. Jumapili ilikuwa mashindano Itumba. Wazee wa kanisa wakiamua kumsimamisha, mwaka mzima wa mazoezi umekwenda na maji.

"Tuanze na huyu Sista Mwiko mwenyewe," alisema Mchungaji. "Ni mtu wa namna gani?"

Mzee Mbonile, katibu, alisimama. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino kama siku zote. Kwa kuandika mihtasari, Mbozi nzima hana mpinzani.

"Mwizi! Anaiba kahawa ghalani."

"Anawarudishia wakulima waliopunjwa kwenye mizani," alijibu Bibi Anna, mwanamke pekee kati ya wazee. "Hapo kamwibia nani?"

"Anachapa watu kwa mwiko wa ugali!"

"Miguuni tu. Mimi ningeanzia kichwani."

Wazee wakaangua kicheko. Mchungaji akagonga meza.

"Na kwao wapi?" Mbonile alizidi kuwaka. "Kaokotwa kwenye gunia la kahawa, hana baba, hana ukoo! Hata aliyemtunga kaona aibu kuweka jina lake. Binti wa kwaya anajifunza nini hapo?"

Hapo wazee wawili wakaanza kuitikia kwa vichwa. Tabita, aliyeketi mbele yao, aliogopa. Matoleo yote matatu alikuwa ameyasoma mpaka kurasa zimelegea, lakini nani angemsikiliza?

Mbonile akaona ameshinda, akaongeza moja la kumalizia.

"Na lile busu je? Anambusu afisa wa forodha pale mpakani Tunduma, mchana kweupe, malori yako foleni yanapiga honi!"

Tabita aliinua uso. Alichukua kijitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akamsogezea Mchungaji.

"Samahani, mzee," alisema kwa adabu. "Toleo hili la tatu linaishia Chapwa, mpakani bado hajafika. Toleo la nne linatoka Jumamosi."

Wazee wakavitazama vidole vya katibu wao. Mzee Mbonile akaketi, akaingiza mikono yote miwili chini ya meza.

Bibi Anna akamwinamia sikioni.

"Huyo afisa," akanong'ona, "ameoa?"