Mtani wa Mayala

Mwanamke mwenye jezi namba nane aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki.

"Mleteni huyo mzururaji wenu tulale wote!" alipaza sauti kutoka chini. "Kazunguka nchi nne, bao la maana hajafunga hata moja. Shimo refu hivi la nini? Wachimbaji wa Bulyanhulu wakiliona watawacheka, humu hamna dhahabu!"

Waombolezaji waliangua kicheko. Hata mjane, Mariana, alijifuta machozi kwa pindo la khanga na kutabasamu. Mtani alikuwa amefika, na msiba wa Msukuma usio na Mzaramo wa kuuvuruga ni ugali usio na mboga.

Boaz, kaka mkubwa wa marehemu, naye alicheka, ila macho yake hayakubanduka kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Siku ile alikuwa na hofu moja tu. Mdogo wake Mayala, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki, alikuwa kiungo wa soka la kulipwa. Alianzia Shinyanga, akasajiliwa Geita, akaenda Oman, Zambia, Sudan, akarudi na nyumba moja ya maana mjini Geita na sifa mbaya. Mwanamume wa namna hiyo akifa, wanawake huota kama uyoga, kila mmoja na mtoto mkononi. Walishaanza kupiga simu. Boaz aliwakatia, akawadharau wote kwa mkupuo bila kumwona hata mmoja.

"Kwenye ukoo wetu mtoto wa marehemu ni yule anayetajwa kaburini," aliwaambia wazee asubuhi. "Nitawataja wawili wa Mariana, basi. Hao wa barabarani wakatafute baba zao huko huko barabarani."

Wazee walikubali, maana ndivyo desturi ilivyo. Sungusungu wawili wakawekwa njiani: mwanamke mgeni akija na mtoto, arudishwe. Waliopita bila kuulizwa ni wachungaji, kwaya ya wanafunzi na huyu wa jezi. Alikuja peke yake, masizi usoni, filimbi mdomoni, akajitambulisha kuwa Mwamvua, Mzaramo wa Kisarawe. Nani amzuie mtani?

Sasa aliinuka mle kaburini, akaanza kumwigiza marehemu. Hatua mbili mbele, akageuka, akapiga pasi ya nyuma.

"Huyo! Kocha anamwambia peleka mbele, yeye anarudisha kwa kipa. Mwanamke anamwambia tujenge, anarudisha kwa kipa. Ukimuuliza kwako wapi, anafunga begi. Halafu usiku analala na soksi mguu wa kushoto, eti ndio unaomlisha. Jinga kabisa!"

Mariana aliinua kichwa. Boaz alijiuliza habari za soksi mtani kazipata wapi, kisha akakumbuka kwamba watani hupeleleza kabla ya kuja.

Viongozi wa klabu walianza kutazama saa. Boaz akachukua kipaza sauti, noti mkononi.

"Haya mtani, tumekusikia. Unataka nini ili utoke?"

"Rudisha noti yako mfukoni! Nataka ukweli. Dunia nzima kaizunguka, halafu mnatuambia watoto wawili? Au huko nako alikuwa anarudisha kwa kipa?"

Watu walishika mbavu. Mchungaji akajifanya anatafuta zaburi.

"Taja wa Oman!" mwanamke aliamuru.

Mtani hakasirikiwi, na kaburi halifukiwi mpaka aridhike. Boaz akaingia kwenye mchezo, na kusema kweli ulimnogea.

"Yupo! Anaitwa Tende!"

"Wa Zambia!"

"Yupo! Shaba!"

"Wa Sudan!"

"Ngamia! Huyo ana nundu mbili!"

"Na wa hapo Segese? Au Segese alipita kafumba macho?"

"Yupo!"

"Jina!"

Boaz akamrudishia mpira. "Huyo mpe jina wewe, mtani."

"Vumilia."

"Vumilia!" Boaz alinguruma, na spika zikapeleka sauti mpaka mashambani. "Vumilia binti Mayala, wa Segese, mtoto halali wa marehemu!"

Vigelegele vikapigwa. Mwanamke hakucheka. Alinyoosha mkono avutwe juu.

"Wabeja," alishukuru kwa sauti ndogo, kwa Kisukuma kisicho na kosa, akajipenyeza nyuma ya watu. Boaz alimtazama kwa dharau. Mtani gani anaacha noti?

Boaz akasoma wasifu wa marehemu, akawataja watoto wawili wa Mariana. Jeneza likashushwa. Hapo pikipiki ikaingia kwa kelele, imebeba wazee wawili waliojivika magunia.

"Mnatuzikia Msukuma wetu bila sisi?" mmoja alifoka. "Pancha imetukamata Kakola!"

"Nyie ni nani?" Boaz aliuliza.

"Watani, nani tena? Wazaramo wa kona hii ni sisi wawili tu."

"Mbona mwenzenu ameshafika. Mwamvua, wa Kisarawe."

Wazee wakatazamana. "Mwamvua yupi?"

Mchungaji alikuwa akiwaita watoto wa marehemu watupe udongo. Wale wawili wa Mariana wakasogea. Nyuma yao, kutoka kwenye kwaya, akachomoka binti mwenye sare ya shule, udongo tayari mkononi.

Boaz alinyoosha mkono kumzuia. Mzee Bujiku, baba yake mdogo, akaudaka ule mkono na kuushusha taratibu.

"Mpishe mwanao," alisema. "Ukoo mzima umekusikia ukimtaja."