Mistari Mingi

Ripoti ilikuwa ndefu, nami, Mungu anisamehe, nikachekelea. Sisi tunaochapa nyumbani ripoti wanazorekodi madaktari hulipwa kwa mstari. Uvimbe kwenye mapafu, umesambaa, miezi michache: vidole vilikimbia tu. Mgonjwa kwangu alikuwa namba.

Daktari akamaliza, akasahau kuzima kinasa sauti. Kimya hakina malipo, huwa ninakiruka. Leo mkono ulikuwa umeshika kikombe, rekodi ikaendelea.

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Mtu akajikohoza mara mbili, kama anayeomba radhi.

"Daktari, tafadhali, mke wangu asijue kwanza."

Chai ikanimwagikia mapajani, wala sikusikia moto.

Jikoni, mume wangu akajikohoza mara mbili.

"Mama watoto," akaita, "leo umepata mistari mingi?"