Pepo Aliyekula Maneno ya Kondo

Mwajabu alimwomba mumewe chumvi, akaletewa kitana.

Kondo alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kama mtoto aliyesahau alichotumwa. Mwajabu akakipokea, akashukuru, akapika mchuzi bila chumvi. Alikoroga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzito tangu asubuhi ile pepo alipomvamia Kondo, na yeye hakuwa na nafasi ya kujihurumia.

Asubuhi ile waliamka kama watu wote wa Temeke. Kondo akajinyoosha kitandani, akamgeukia, na kilichomtoka kikawa, "Rembesi toku, alafani?" Sauti ni yake mwenyewe, imepandishwa mwishoni vizuri kama swali. Ila ndani hamkuwa na kitu, kama nazi unayoitikisa usisikie maji.

Na wao walikuwa watu wa maneno. Mwajabu alikuwa somo. Aliwafunda wari wa mtaa mzima, na ulimi wake ndio uliowalisha wakati wa vita vya Hitla, mchele ulipoadimika. Kondo alizoea kumtania: "Bibi wee, ulimi huo ukifika Kariakoo, wauza pilipili watafunga vibanda."

Sasa akimsikia anakuja nyuma yake akiongea, alisogea kando. Aliona mumewe ameshaondoka, na aliyebaki amevaa ngozi yake.

Alimfunda upya, kama mwari. Alimnyanyulia kata mbele ya uso.

"Maji, mume wangu. Sema maji."

Kondo alimtazama mdomo, machozi yakamlengalenga, akageukia ukuta.

Kina mama wakaacha kuleta wari wao. Mwajabu aliwaeleza majirani kwamba huyu si Kondo, ni pepo, wasimwogope. Wakainamisha vichwa. Mmoja akampapasa mkono kwa muda mrefu.

Wakaenda pamoja kwa dresa wa zahanati ya serikali. Hakutoa dawa. Alijigusa sikio, kisha kichwa, akachora njia hewani kati ya viwili hivyo, halafu akaikata kwa ubapa wa kiganja. Mwajabu alielewa kuliko alivyowahi kumwelewa mtu siku za karibuni. Sauti inaingia, lakini njia ya kuifikisha kwenye maana imekatika. Alimshika Kondo mkono mpaka nyumbani.

Ndipo wifi yake, Mwamvua, akaja kutoka Kisarawe. Alifunga furushi la nguo za kaka yake, akaliweka mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea barabara ya kwao. Kondo alikataa kwa kichwa. Akaonyesha ng'ambo ya mtaa, nyumba ya Fakihi, fundi wa ngoma za pepo.

Mwajabu alifurahi hadi akaketi chini. Kumbe Kondo bado yumo humo ndani, na anataka kuponywa. Ila furushi halikuondolewa mlangoni. Fakihi akishindwa, nyumba hii itabaki na mtu mmoja.

Alasiri ya ngoma uani kulijaa watu. Mwajabu alikuwa amemwandalia mumewe maji ya kuoga na kumvika kanzu iliyopigwa pasi. Ubani ulipoanza kufuka, alimwongoza mwenyewe hadi kwenye kigoda cha katikati, anapokaa mgonjwa, akamketisha. Fakihi akakunjua shuka jeupe la kumfunika mwenye pepo.

Kondo akainuka kigodani taratibu. Akamshika mkewe mabega, akamketisha yeye.

Shuka likamwangukia Mwajabu kichwani.

Hakugombana. Chini ya weupe ule aliyapanga maneno yake mazuri kuliko yote, yale ya siku ya kumtoa mwari nje, akawaambia kwa upole kwamba wamekosea mtu: mgonjwa ni mume wangu, huyo hapo, amesimama.

"Ufagio umeoa jioni," uani wote ukamsikia akisema. "Mchangani, mchangani. Nazi yenu imelala kitana."

"Nimekusikia, mke wangu," Kondo akajibu.