Saini ya Mzee Shekiondo

Kijiko kiligonga kikombe jikoni kabla hakujapambazuka. Mzee Shekiondo akajua mkewe anakoroga uji, na Nasra yu njiani. Tangu kiharusi kimlaze, msaidizi wake huyo hupita kila alfajiri akitoka zamu kwenye mtambo wa maji, akamsomea taarifa. Mzee, msimamizi wa mtambo huo, huitia saini kwa mkono wa kushoto, ndipo ipelekwe ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pampu ya pili imeacha kukohoa?"

"Imeacha. Sasa anayekohoa ni Chambuso, fundi wake."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Mkewe alileta uji kwenye sinia. Mzee akinywa, Nasra alisoma polepole: kina cha tangi, saa ambazo umeme ulikatika. Kisha akaiweka karatasi juu ya sinia. Mzee alishika kalamu, akasita. Mahali pa jina la msimamizi palikuwa pameshachapwa jina la Nasra.

"Fomu mpya hizi. Zimekuja lini?"

Nasra aliinama. "Wiki mbili sasa, mzee. Za zamani ziliisha jana."

"Kwa hiyo ulikuwa unaandika taarifa mara mbili? Moja ya ofisi, na moja yangu?"

Nasra alimfuta uji kidevuni kwa ncha ya khanga yake.

Mzee akaisoma karatasi upya, mstari kwa mstari, kama alivyozoea alipokuwa kazini. Akafunika kalamu bila kuandika kitu, akamrudishia.

"Iko sawa," alisema. "Kesho pita tena, mwanangu. Unisomee tu."