Zamu ya Moshi

Enzi hizo umeme ulipelekwa kwenye kaunti zenye moshi mwingi wa viwanda, na mtambo wa angani ndio uliopima moshi huo. Kwao Mghoi, mama yake Mwakio, hapakuwa na kiwanda hata kimoja, kwa hiyo kila nyumba ilipewa zamu ya kuchochea tanuri tupu kilimani ili moshi uonekane. Siku ya zamu yake kuni zote zilikwenda huko, watoto wakatafuna muhogo mbichi.

Lakini moshi wa kaunti jirani ulikuwa mzito zaidi. Wanatengeneza nini wale? Udadisi ukamzidi, akamtuma mumewe akachungulie.

Alirudi jioni.

“Mama Mwakio, nimemkuta mwanamke anachochea tanuri tupu. Akaniuliza sisi tunatengeneza nini.”

“Ukamwambiaje?”

“Sukari. Kesho mumewe anakuja kuomba kazi.”